Ngome ya Kona

Wiki ile braza wangu Mashaka alikuwa haoni. Jicho moja limevimba mpaka ngozi inang'aa kama biringanya, la pili limefungwa bandeji na daktari kasema tusiiguse. Taya imefungwa waya, anaongea meno yamefumba kama mtu anayetukana kimyakimya. Kalala kwenye godoro sebuleni, hapa kwetu Kipawa, na kila ndege ikipita juu kwenda kutua, bati zinatetemeka, mbavu zake zinatetemeka, anang'ata shuka. Unamuuliza unataka nini, maji, uji? Anataka chesi.

"Shomari. Panga kete."

"Huzioni, braza."

"Kwani nimekwambia nataka kuziona? Panga."

Kete kazichonga mwenyewe. Mashaka ni mchongaji, banda lake liko Mwenge, anachonga seti za chesi wanazonunua wazungu. Nyeusi za mpingo, nyeupe za mti mweupe. Zinazoharibika analeta nyumbani, kwa hiyo seti yetu sie ni ya majeruhi watupu: farasi hana sikio, tembo kakatika mkonga, mfalme mweupe kapasuka mgongoni. Wenzake bandani wanachonga tu, hawajui hata farasi anaruka vipi. Yeye mchezo ukamwingia, ikawa ukimtafuta yuko na simu anacheza na mtu wa Brazil.

Mie ni mtu wa drafti. Vizibo vya soda, ubao, benchi, matusi. Chesi nilijifunza kwa kulazimishwa.

Waliomfanya vile ni watu wa Allen. Allen ana yadi ya kukata magari mabovu kule Temeke. Kuna siku alimkata fundi mmoja shingo na kipande cha bati, mbele za watu, kisa kamjibu. Fundi hakufa, ila sauti imekwenda, sasa hivi akitaka kitu anapiga makofi. Waliokuwepo siku hiyo wote, ukiwauliza, walikuwa wameinama wanafunga kamba za viatu. Mashaka alikuwa kaenda pale kununua springi za gari, wachongaji wanazifuaga patasi. Yeye ndo akaenda polisi akasema: nimemwona, ni Allen, na mkono aliotumia ni wa kushoto.

Allen akatoka kwa dhamana. Siku chache baadaye watu wawili wakamsubiri Mashaka hapa mtaani na nondo. Walitaka afe. Hakufa. Na Jumatatu anaenda mahakamani kusema, macho yakiwepo yasipokuwepo. Bila yeye hiyo kesi haina mtu.

Kazi yangu ilikuwa moja: kukaa pale nyumbani mpaka Jumatatu, na anayetaka kumfikia Mashaka apite kwanza kwangu. Sina kazi nyingine ninayoijua. Shule niliacha kidato cha kwanza, nikabebaga mizigo sokoni, nikalindaga baa. Napiga. Watu wananiitaga nipige.

"Fungua simu yangu," Mashaka akasema. "Kuna mchezo nimeuhifadhi. Wa mwaka elfu moja mia nane hamsini na moja, London. Wanauita mchezo usiokufa."

"Nani kacheza?"

"Mweupe ni Anderssen. Mjerumani, mwalimu wa hesabu."

"Walimu wa hesabu wote washenzi."

"Mweusi anaitwa Kieseritzky."

"Hilo jina au mtu kapaliwa?"

Akacheka, akaumia, akanitukana. Munira, mke wake, alikuwa uani anakaanga bagia za kuuza jioni, akapiga kelele: "Shemeji! Usimchekeshe, waya utakatika!"

Basi mie nasoma kwenye simu, nasogeza kete, yeye anasikiliza zikigonga ubao. Macho hana lakini ubao wote uko kichwani mwake. Nikiweka kete pasipo pake anajua, sijui anajuaje.

Mchezo wenyewe ni fujo. Mweupe anaanza tu, anatoa askari wa bure. Mweusi anakula. Mweusi anamtoa malkia wake mapema, anamfokea mfalme mweupe, mfalme anasogea pembeni. Halafu malkia huyo anaanza kuzurura. Mara huku, mara kule, askari wadogo wa mweupe wanamfukuza kama mbwa aliyeingia harusini. Huku nyuma wenzake hata hawajaamka. Ngome ziko kona, farasi mmoja hajatoka bandani, mwingine alitoka akarudi.

"Hapo mweupe anaacha tembo," nikasoma. "Anamwacha hivi hivi. Kasahau?"

"Hajasahau."

"Mweusi kala."

"Ndio. Kala."

"Sasa ubaya uko wapi? Ningekuwa mie ningekula."

"Najua ungekula," Mashaka akasema. "Ndo maana nataka uusome wewe."

Hapo hapo Munira akaingia, mwiko mkononi unadondosha mafuta, uso umempauka. "Shemeji. Yule wa nondo. Yule mwenye pengo. Yuko hapo nje anakunywa juisi ya miwa."

Wanamwitaga Tindo. Mmoja wa wale wawili. Mtaa mzima ulimwona siku ile akimkanyaga Mashaka kichwa. Na sasa yuko kwenye mkokoteni wa miwa, hatua kadhaa tu toka mlangoni kwetu, kavaa kofia nyuma mbele, anacheka na muuzaji.

"Shomari, kaa chini," Mashaka akasema.

Nilishatoka.

Tindo aliniona nakuja. Hakukimbia. Alimalizia juisi, akaweka glasi taratibu, akasema, "Oya, mgonjwa anaendeleaje?" Nikampiga na paji la uso. Pua ikaachia damu. Akaja na kisu kidogo cha kumenyea miwa, kakinyakua kwa muuzaji, akanichana begani, nikaushika ule mkono, nikauingiza kwenye vyuma vya mashine ya miwa na nikazungusha ule mpini mara moja. Mlio wake ni uleule wa muwa. Muuzaji akatapika. Tindo akapiga yowe moja refu, mie nikalisubiri mpaka likaisha, nikarudisha mpini nyuma, nikamtoa, nikamwambia kamwonyeshe Allen.

Nilirudi ndani najisikia vizuri. Siongopi. Damu ya bega inachuruzika kwenye kidole na mie natabasamu.

"Umekula," Mashaka akasema.

"Nimekula."

"Na mlango ulimwachia nani?"

"Munira."

"Munira ana mwiko, Shomari."

"Si nimerudi? Kuna mtu kaingia?"

Munira akanifunga bega kwa kanga yake ya zamani, anakaza mpaka naona nyota, anasema, "Siku moja utaletwa hapa umekunjwa kwenye shuka, mie na huyu kipofu tutakuzikaje?" Lakini alikuwa anafurahi kidogo, nilimwona. Alishaosha damu ya mume wake kwenye ile sakafu kwa mikono yake.

Kesho yake, mchana, tukaendelea. Ijumaa hiyo. Msikiti ulikuwa umeshatoka, watu wamekula pilau, mtaa umelala. Mashaka kaamka na homa lakini akili yake ilikuwa kama wembe. Akataka turudi palepale pabaya.

"Hapa ndo mchezo ulipo," akasema. "Malkia mweusi kashaingia nyuma, kala askari. Yeye na tembo mweusi wanaziangalia ngome mbili za mweupe, moja iko kona. Mweupe badala ya kulinda, anamsogeza tembo wake mbele. Yaani anasema: chukua. Chukua zote mbili."

"Huyu mwalimu mwendawazimu."

"Mweusi kafanya nini?"

Nikasoma. "Tembo wake kala ngome ya huku. Mweupe kasukuma askari mmoja katikati. Malkia mweusi kala ngome ya kona. Mfalme mweupe kasogea."

"Endelea."

"Mweusi kamtoa farasi. Farasi mweupe kala askari karibu na mfalme. Mfalme kakimbia. Halafu..." nikasimama. "Halafu mweupe katoa malkia. Kamtoa malkia wake bure!"

"Akaliwa?"

"Kaliwa na farasi. Halafu tembo kasogea. Imeisha." Nikaangalia ubao. Nikahesabu kete za pembeni. Mweupe kapoteza ngome mbili, tembo, malkia. Mweusi kapoteza vi-askari tu. Lakini mfalme wake kakabwa katikati ya watu wake mwenyewe, na waliomkaba ni tembo asiye na mkonga na farasi wawili. Malkia mweusi, yule mpigaji, yule mbabe, yuko kona ya mbali kabisa ya ubao. Kashiba. Hawezi kufika.

Nikawasha sigara, Munira akaninyang'anya.

"Sasa angefanyaje?" nikauliza. "Kula lazima."

"Nani kasema?"

"Si ndo sheria? Kete ikikaa mbele yako unakula. Usipokula unaambiwa rudi ukale."

Mashaka akageuza ile sura yake iliyovimba upande wangu. "Shomari, hiyo drafti."

"Ee?"

"Drafti ndo kula lazima. Chesi hakuna lazima. Umekaa na mie hapa wiki nzima unadhani Kieseritzky alilazimishwa?"

Wallahi nilikuwa nadhani hivyo. Muda wote nasoma namwonea huruma yule jamaa, najua kabanwa na sheria, anatupiwa nyama anakula kwa kuwa hana jinsi. Kumbe alikuwa anachagua. Mtu mzima, kavaa na tai, anachagua.

"Basi asingekula," nikasema.

"Hapana, hata hilo sio." Mashaka akanyoosha mkono, akapapasa ubao, akazigusa kete moja moja kama anasalimia watu. "Nimelala hapa naumia naufikiria huu mchezo. Alikuwa na njia. Angeanza na ngome ya kona, akale ile na malkia, amfokee mfalme. Mfalme anasogea. Halafu malkia arudi hatua moja. Hapa. Arudi pale alipotoka, aangalie nyumbani, na bado anatisha. Akifanya hivyo mweupe hana la maana, wanapigana mpaka jioni. Yeye akala ile nyingine kwanza, mweupe akapata nafasi ya kusukuma yule askari wa katikati. Yule askari ndo mlango. Akishasukumwa, njia ya malkia kurudi kulinda imefungwa. Sio kula kulikomuua. Alikula akasahau njia ya kurudi."

"We umeyajuaje haya yote?"

"Wakubwa wa chesi walishaandika zamani sana. Mie nimehakikisha tu."

Simu yangu ikaita. Namba siijui.

"Shomari?" Sauti ya mwanaume, ananong'ona. "Mie sitaki jina langu. Allen yuko Tandika, pale wanapooshea magari nyuma ya soko la mitumba. Yuko peke yake. Anaoshewa gari. Mie namchukia kama wewe tu." Akakata.

Nikasimama. Mashaka aliisikia ile sauti yote, masikio yake yalishakuwa makubwa siku hizo.

"Unaona sasa," akasema.

"Naona nini? Allen yuko peke yake."

"Shomari. Nani anaoshaga gari Ijumaa baada ya swala peke yake, na mtu anayemchukia anaijua namba yako?"

"Inawezekana ni mtego. Najua. Mie sio mjinga. Lakini nikimpata Allen leo, Jumatatu hata hamna haja. Nakwenda, nakula, narudi. Si umesema mwenyewe njia ni kurudi?"

"Nimesema kwenye ubao!"

"Braza, kakufanya hivi." Nikaonyesha uso wake, halafu nikakumbuka haoni. "Umekuwa kama nyama ya buchani. Mie nikae hapa nasogeza farasi?"

Munira alisimama mlangoni, hakusema nenda, hakusema usiende. Mashaka akawa anaita jina langu kwa yale meno yaliyofumba, "Fomari, Fomari," mpaka nikatoka nje nisimsikie.

Nikachukua bodaboda, tukakata kupitia Yombo. Kwenye soksi nina patasi moja ya Mashaka, pana, aliyoifua mwenyewe. Njia nzima nafikiria wapi naanzia. Goti. Halafu mkono wa kushoto.

Allen alikuwepo. Kweli peke yake. Waosha magari wote hawapo, mpira wa maji unamwaga tu chini. Yeye kakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, bonge la mtu, kanzu nyeupe ya Ijumaa amekunja mikono, anakula karanga. Simu yake kaiweka juu ya goti.

"Karibu," akasema. "Umekuja haraka. Nilidhani boda atapita barabara kubwa."

Nikampiga kiti. Kikavunjika begani kwake, akaanguka na karanga zake, nikamkanyaga goti kwa kisigino mpaka likalia. Alikuwa na nguvu, akanishika mguu, tukabiringika kwenye tope la sabuni. Akaniingiza kidole gumba kwenye jicho. Nikakiuma. Nikakiuma mpaka meno yakagusa mfupa, akapiga kelele kwa mara ya kwanza, nikatoa patasi, nikaushika mkono wake wa kushoto nikaupigilia chini, patasi ikapita katikati ya kiganja ikazama kwenye udongo. Akanyooka mwili mzima. Halafu nikaanza kumpiga usoni kwa mkono mtupu. Sijui mara ngapi. Kanzu ikawa na rangi mbili, ya matope na ya damu. Meno mawili yalitoka nikayaona yanaelea kwenye povu.

Na jamaa anacheka.

Hakuwa anajikaza. Alikuwa anacheka kweli, kwikwi, damu inatoka puani kwa mapovu, anacheka anaangalia kisimu chake kilichodondokea pembeni. Kikawaka. Meseji. Nikaisoma kichwa chini: TUMEFIKA.

"Umeshiba?" Allen akaniuliza.

Nilibaki nimekunja ngumi juu yake. Niliuona ule ubao. Nilijiona nilipo. Kona ya mbali kabisa, mdomo umejaa nyama, na nyumbani kuna kipofu na mwanamke mwenye mwiko.

Mtu mwingine angemmalizia. Mkono ulikuwa unataka. Shingo yake ile pale, na patasi ipo. Lakini kila ngumi niliyoongeza ilikuwa ni muda wa wale wengine. Nikamwacha kapigiliwa vilevile, nikakimbia.

Boda alikuwa amenisubiri. Nikapanda, tukaondoka, na mbele ya Yombo lori la kokoto limelala katikati ya njia, tairi limechomoka, magari yamebanana pande zote, hata pikipiki haipenyi. Hilo sio Allen, hilo ni Dar tu. Nikashuka, nikaanza kukimbia huku natafuta simu. Nimpigie nani? Afande mpelelezi wa kesi ya Mashaka, nikampigia, akasema anakuja, lakini alikuwa mbali. Halafu nikakumbuka sie tuna watu. Watu wetu wote wamelala nyumbani kama kete za yule mweusi.

Nikampigia Marijani, mwenyekiti wa kijiwe cha drafti. Kijiwe kiko mtaa wa nyuma yetu, na wale jamaa wamekaa kwenye lile benchi tangu mie mtoto. Msiba ukitokea wanamalizia kwanza mchezo.

"Oya Shomari, usinisumbue, nina kingi wawili hapa."

"Marijani, wameingia kwetu. Wanamuua Mashaka. Sasa hivi. Nendeni."

"Nani wanam..."

"Pindua huo ubao uende!"

Nikasikia vizibo vinamwagika. Sijawahi kusikia Marijani anaacha mchezo. Halafu nikasikia benchi linaanguka na sauti za watu wengi, na simu ikakatika.

Yaliyotokea ndani alinisimulia Munira baadaye, kwa vipande. Waliingia watatu, mapanga yamefungwa kwenye gazeti kama mkate. Wa kwanza alimsukuma Munira, akaja kuanguka karibu na jiko, na karai la mafuta ya bagia liko motoni. Akalinyanyua kwa kanga yake akammwagia usoni. Anasema yule mtu hakulia, alitoa sauti kama hewa ikitoka kwenye tairi, ngozi ikamfuata kwenye viganja alipojishika. Huyo akatoka anapapasa ukuta mpaka barabarani, hakuonekana tena. Wa pili alifika kwa Mashaka. Mashaka kasikia hatua, kabiringika kutoka kwenye godoro, panga likakata godoro, pigo la pili likakata nyama ya paja lake. Hapo kina Marijani wakaingia na mbao za benchi. Wa pili akavunjwa mgongo pale pale mlangoni. Wa tatu, jamaa mmoja mrefu wa shati la kitenge, akaruka ukuta, akakimbia.

Na mtu mmoja, sijui nani, akapiga kelele neno ambalo sie wote tunalijua.

"Mwizi!"

Mie nilifika muda huo. Mapafu yamekwisha, jicho moja limeziba, nikaona mtaa mzima umetoka. Ijumaa ile iliyolala imeamka yote. Akina mama na mawe, vijana na matofali, mtu na tairi la pikipiki, mtu na chupa ya petroli. Wengine hata hawajui kaiba nini. Jamaa wa shati la kitenge yuko chini katikati yao, shati limeshatoka, sikio limening'inia. Anapigwa kichwa na tofali, anajaribu kukaa, anapigwa tena. Tairi likashushwa shingoni.

Nilimwona Munira mlangoni kwetu, mikono imebabuka, anatikisa kichwa: yuko hai. Nikaokota jiwe. Jiwe zuri, linajaa mkono. Huyo mtu alikuja kumchinja braza wangu kitandani. Nikapasua watu nikafika mbele, nikanyanyua.

Ndani kule nikasikia Mashaka. Sauti ya meno yaliyofumba, lakini anaisukuma yote. "Shomari! Wanampiga nani?"

"Mmoja wao!"

"Anaongea?"

Nikamwangalia yule jamaa. Macho yake yalikuwa yananiangalia mie, jiwe, mie. Midomo inacheza. "Katutuma," anasema. "Katutuma. Jamani katutuma."

"Anaongea!"

"Basi mwache aongee Jumatatu!"

Petroli ilishamwagwa. Niliihisi kwenye vidole vya miguu. Na kijana mmoja mwenye kiberiti, jirani yetu kabisa, mama yake nampaga shikamoo kila asubuhi, alikuwa anakwangua njiti ya kwanza, ikavunjika. Nikatupa jiwe, nikampiga ngumi ya koo, kiberiti kikaruka. Nikamvua yule jamaa tairi, nikamlalia juu.

"Shomari kachanganyikiwa! Toka hapo!"

"Simwachii mtu! Huyu ni wangu!"

"Mwizi mwenzake huyo!"

Tofali la kwanza lilinipata kisogoni. La pili kwenye lile bega lililochanwa. Watu niliokulia nao walinipiga mateke ya mbavu, na mie nimekumbatia kinyangarika cha mtu, ananuka petroli na mkojo, kucha zake zimenizama mgongoni. Nilimsikia Marijani anatukana, anawatandika watu na ubao wa drafti, anawaambia rudini nyuma nyie mbwa, huyo ni Shomari. Mguu ukanikanyaga kidole kikavunjika. Na yule jamaa chini yangu anapiga kelele sikioni mwangu, kwa kila pigo analosikia linanipata mie, "Allen! Ni Allen! Allen katutuma! Allen wa yadi!" Mtaa mzima ulisikia. Wengine wakaanza kusimama, jiwe mkononi, wanaulizana Allen nani.

King'ora cha polisi ndo kilichowatawanya.

Walitufunga pingu moja, mie na yeye, mkono kwa mkono, wakatupandisha nyuma ya gari la wazi. Afande mpelelezi akasema mie pia nina kesi yangu, mtu kakutwa Tandika kapigiliwa chini kama kigingi cha kiwanja. Nikamwambia afande sawa. Mashaka alitolewa kwa machela, paja limefungwa shuka, akawa anageuza kichwa huku na huku ananitafuta kwa masikio. Sikumwita. Mdomo ulikuwa umejaa damu.

Gari likaondoka. Yule jamaa alikuwa anatetemeka, pingu zinagongana. Kila tukiruka shimo analia. Tulipofika barabara kubwa akaniangalia na jicho moja, jingine limevimba likaziba.

"Kwa nini hukuwaachia?" akaniuliza. "Mie nilikuja kumuua kaka yako."

"Najua ulichokuja kufanya."

"Sasa kwa nini?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Tunza mdomo wako mpaka Jumatatu. Ukifa kabla ya hapo nitakuua."